Bwana Sawa na Watu wa Kwenye Miwani

Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja, na wawili wanaokibeba hawaongei. Ukiongea unageuza kichwa, ukigeuza kichwa bega linafuata, bega likifuata kioo kinajipinda, na kioo hakijui kusamehe. Kwa hiyo mafundi wa vioo husemezana kwa kidole. Aliye mbele akigonga kioo mara moja, ti, maana yake simama, nisubiri. Akigonga mara mbili, ti ti, twende. Wa nyuma huisikia viganjani kabla haijamfika masikioni. Niliwahi kuwatazama wawili wakipandisha kioo cha dirisha la duka kwenye ngazi ya kona, ngazi nyembamba ambayo hata mtu na mkewe wakikutana hapo lazima mmoja arudi nyuma. Walifika juu salama na hapakutoka neno.

Mmoja wao alikuwa mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, na ndiye ninayetaka kumsimulia. Hajafanya jambo la kuandikwa gazetini. Anakata vioo, anavipachika, anarudi nyumbani. Lakini watu wa namna yake wakipita hawaachi vumbi, na baadaye unajiuliza kama walipita kweli. Basi bora nimwandike.

Mtaani wanamwita Bwana Sawa. Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Ukimwambia mbuzi wa jirani kala shati lako kwenye kamba, sawa. Mke wa kinyozi alimjaribu siku moja, akamwambia, "Shemeji, nasikia ulikufa jana." Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa," akaenda zake kazini. Si mjinga, wala hana kiburi, ingawa waliomwona mara moja husema anacho. Maneno anayo. Ila yanafika yamechelewa, kama mgeni anayebisha hodi vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Mimi nimewahi kumwuliza jambo Jumatatu nikajibiwa Alhamisi, tena jibu zuri, nikiwa nimeshasahau swali.

Mkewe alikuwa msemaji. Aliongea kwa ajili ya wawili, sokoni, kwa majirani, hata kwa daktari. Mumewe alisimama pembeni ameshika kikapu, anatabasamu, na ndoa ile ikaenda vizuri kuliko za wengi wetu tunaojua kupanga maneno. Kisha mke akaugua, akafariki, akaacha binti aliyekuwa bado anatambaa. Mama mkwe akamchukua mjukuu wake akamlee. Hakuna aliyebisha, maana wakati ule mpwa wangu hata hiyo sawa ilikuwa haimtoki.

Mtoto akakulia kwa bibi. Kila Jumapili baba alikwenda kumwona. Anakaa kwenye kiti kile kile karibu na mlango, anaweka mfuko wa machungwa mezani, mtoto anamwamkia, anaitika, chai inakuja, chai inakwisha, anaaga. Kama kuna dirisha lenye kasoro alilitengeneza kabla ya kuaga. Nyumba ile ikawa na madirisha mazuri kuliko benki.

Mtoto alipofika darasa la pili, magoti ya bibi yakaanza kugoma. Mwanawe wa kiume anayeishi mji wa mbali akamwita akakae naye. Ikabaki habari ya mtoto. Siku ilipozungumzwa nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi na fimbo yangu.

"Mkwe wangu," mama yule alimwambia, "shule zikifungwa naondoka. Sikunyimi mwanao, ni damu yako. Lakini nikuulize. Juzi alirudi shuleni analia, wenzake wamemcheka meno, ati yamepishana. Angekuwa kwako, ungemwambiaje?"

Mpwa wangu akatazama sakafu. Tukasubiri. Saa ya ukutani ikabaki kuongea peke yake.

"Umeona?" alisema mama yule, na hakusema kwa ukali. "Mtoto si dirisha, baba. Hakai vizuri kwa kufutwa vumbi. Nikimwacha kwako vile ulivyo, atasahau hata jina lake, maana hakuna wa kumwita. Nionyeshe kabla shule hazijafungwa kwamba ninyi wawili mnaweza kuzungumza. Mkishindwa, naenda naye."

"Sawa," akasema.

Alinisindikiza mpaka kwangu. Nilikuwa nimeshika komeo la mlango nilipomsikia nyuma yangu. "Mjomba, ningemwambia meno hayo ni ya mama yake. Nami ndiyo niliyoyaona kwanza nikampenda."

"Rudi ukaseme."

"Limeshachelewa, mjomba."

Haikupita wiki akapelekwa na mwenzake kuweka kioo katika ghorofa iliyo juu ya duka la dawa. Chumba kilikuwa kinatengenezwa kiwe cha mafunzo. Mwalimu wake, binti mwenye sauti ya chini, akawaambia habari za asubuhi. Mwenzake akaitika. Mpwa wangu akasema sawa.

"Msamehe, dada," akasema yule mwenzake. "Huyu hata mtoto wake anataka kuchukuliwa kwa sababu ya kutoongea."

Yule binti hakucheka. Alisema, "Basi mmeleta kioo mahali penyewe. Hapa ndipo tutakapofundisha watu kuzungumza na wenzao, na bado natafuta wa kuanza nao. Aje, na aje na ndugu yake mmoja." Ndugu huyo nikawa mimi, maana sina kazi na miguu inapenda kutembea.

Wanachotumia pale kinaitwa uhalisia pepe. Mwalimu alinitamkia mpaka nikashika, lakini mimi nakiita miwani na inatosha. Ni miwani kubwa nyeusi, kama ya wachomelea vyuma, inaziba macho pande zote na kufungwa kichwani kwa mkanda. Ukiivaa chumba kinatoweka, unajikuta mahali pengine: sebuleni kwa watu, dukani, ofisini kwa mwalimu mkuu. Na watu wamo. Ni wa kutengenezwa, lakini wanapepesa macho, wanakusemesha, wanangoja ujibu. Ukikosea hakuna wa kukucheka, unaanza tena tangu mlangoni. Mazungumzo yakiisha, taa ya kijani ya duara inaelea mbele ya kifua chako. Unaigusa kwa kidole, mtu wako anapotea.

Niliomba nijaribu. Nikakutana na mama mmoja sebuleni kwake, mtu wa heshima, amevaa kilemba. Nikamsalimu, akaitika vizuri. Nikamwuliza watoto hawajambo. Akanitazama. Nikamwuliza mzee naye, kile kikohozi kimepoa? Akanitazama tu. Nikasikia mwalimu anajizuia kucheka.

"Babu, huyo hakupewa watoto. Wala mume."

Nikamwonea huruma. Nikamwambia Mungu atamjalia, nikagusa taa.

Zamu ya mpwa wangu ikawa nyingine. Yule mama alisema karibu, na mpwa wangu akanyamaza. Ukimya ukarefuka mpaka mimi niliyekaa pembeni, nikiwatazama kwenye skrini ya mwalimu, nikaanza kukohoa kwa niaba yake. Mama wa kwenye miwani hakukohoa. Hakutazama saa, hakumrushia neno la kumsaidia. Alingoja tu na uso ule ule wa upole, na mwisho nikasikia, "Asante, mama. Nimekaribia." Mimi binadamu wa kungoja hivyo sijamwona, ukiondoa wavuvi wa ndoano.

Yule mwalimu alimfundisha kitu alichokiita swali la pili. Swali la kwanza kila mtu analo, alisema, hujambo, habari za shule. Unaweza kulibeba kutoka nyumbani. Swali la pili linazaliwa kwenye jibu la mwenzako, kwa hiyo huwezi kuja nalo. Ndilo linalomwonyesha kwamba umemsikia. Kwa mpwa wangu hiyo ilikuwa sawa na kuambiwa akate kioo amefumba macho. Maswali ya kwanza aliyakariri yote. La pili lilimtoa jasho, tena jasho la kweli, mwalimu akawa anaifuta miwani kwa kitambaa kila akiivua.

Alikwenda kila alipotoka kazini. Nikaanza kuletewa habari za watu wa kule kama za majirani.

"Mjomba, mwalimu mkuu leo kanuna."

"Umemfanya nini?"

"Nimemwuliza la pili kabla ya la kwanza."

Siku nyingine alinikuta naota jua akasema, "Yule mama wa sebuleni nimemwambia unamsalimu." Nikamwuliza alijibuje. "Alisema karibu."

Kulikuwa na mtoto pia kwenye miwani, binti wa kama miaka saba, amepigwa na mwenzake shuleni. Huyo ndiye aliyemtesa. Mwalimu akampa mfano wa swali: mwulize alijisikiaje. Alilishika swali lile kama mtu anavyoshika kamba ya kisima, na tatizo la kamba nzuri ni kwamba unataka kuifungia kila kitu. Asubuhi moja muuza magodoro, bonge la mtu, akaingia dukani kwao akasema watoto wamemvunjia kioo cha sebule kwa mpira.

"Pole," mpwa wangu akamwambia. "Ulijisikiaje?"

Yule mtu akavuta kigoda, akakaa. Akaanza na mpira, akaenda kwa watoto wenyewe, kwamba ni wa kaka yake, akafika kwa kaka yake ambaye hawaongei tangu kugombania ukuta wa uani. Mwenye duka alisimama na futi mkononi anasubiri.

"Huyu tumpimie kioo," akauliza, "au tumtandikie kitanda?"

Muuza magodoro aliondoka amechangamka, na ilibidi arudi mchana kwa sababu vipimo hakuvitaja.

Ikafika Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafungwa. Nilifuatana naye. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza. Alikaa kwenye kiti chake karibu na mlango. Machungwa mezani. Binti akatoka chumbani na kamba ya kuruka shingoni.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, babu."

"Marahaba," tukaitika, na mpwa wangu akaongeza mbio, "Habari za shule?"

"Nzuri," akasema mtoto, akatoka nje.

Mpwa wangu akabaki ameinama mbele na mdomo wazi, swali la pili limefika ulimini na wa kuulizwa hayupo. Yule mtoto wa kwenye miwani hakuwa na kamba ya kuruka. Nje tuliisikia ikichapa sakafu ya baraza, chwa, chwa, chwa. Nikaona mabega ya mpwa wangu yanashuka, nami yangu yakashuka.

Mama mkwe akaja na sinia la chai, anatembea kwa kuegemea kuta.

"Mama," mpwa wangu akasema, "magoti yanaendeleaje?"

Vikombe vikalia kwenye sinia. "Yanauma, baba."

"Yanauma zaidi ukipanda au ukishuka?"

Mama yule akaweka sinia, akakaa, akamtazama vizuri. "Kushuka," alisema. "Watu wote wanadhani kupanda. Kushuka ndiko kunanimaliza."

Wakaongea habari za magoti kama wengine wanavyoongea habari za mashamba, kwa urefu na mipaka. Alimwuliza asubuhi je, akamwuliza baridi je, kila swali limetoka kwenye jibu la nyuma yake. Kamba huko nje ikanyamaza. Mtoto alikuja akasimama mlangoni, kwa sababu amesikia sebuleni sauti ya kiume inayoongea na si ya babu. Mazungumzo yakafika ukingoni kama yanavyofika yote, wakanyamaza wote wawili wameridhika. Na hapo mpwa wangu akainua kidole mbele ya kifua chake, taratibu, akabonyeza hewa.

Akangoja mama mkwe apotee. Mama mkwe hakupotea.

"Ni nzi, mkwe wangu?"

"Hapana, mama."

"Ni nini basi?"

Maneno ya kumwokoa nilikuwa nayo mdomoni, mengi. Nikaikamata fimbo yangu kwa mikono miwili nikayameza. Mlangoni kicheko kikaanza kidogo, kikabanwa na kiganja, kikatoroka.

"Baba kamzima bibi," mtoto akasema. "Kamzima kama taa."

Mpwa wangu akamtazama, kisha akakitazama kidole chake, naye akaanza kucheka. Kucheka kwake nilikuwa nimekusahau, kuna mkoromo katikati. Ikabidi aeleze. Akaeleza miwani, na sebule, na mwalimu mkuu mwenye kununa, na taa ya kijani, na kwamba anakwenda huko kujifunza kuongea. Yalikuwa maneno mengi kuliko niliyopata kuyasikia kwake kwa mkupuo mmoja. Mtoto alikuwa ameshamsogelea mpaka magotini.

"Na mimi nataka kuivaa."

"Haipo hapa."

"Basi wewe vaa. Mimi ndiye mtu wa kwenye miwani." Akaburuta kiti akakiweka mbele ya baba yake, akachukua mikono ya baba, akaizungusha kwenye macho ya huyo huyo baba kama miwani. "Karibu. Keti."

"Nimeshakaa."

"Sema asante."

"Asante."

Bibi akabeba sinia akaenda nalo jikoni, lakini sauti ya kuosha vikombe haikusikika.

"Mimi ni mtoto wa kwenye miwani," akasema binti. "Bibi yangu anahama. Mimi sitaki kwenda mbali, rafiki zangu wako hapa. Lakini kwa baba yangu pia sitaki."

Mtoto alikaa ameshika kiti, anangoja, kwa sababu watu wa kwenye miwani hungoja, ndivyo alivyoambiwa.

"Kwa nini hutaki?"

"Kwa baba kuna kimya."

"Kimya cha namna gani?"

Mtoto akafikiri. Naona hakuna aliyewahi kumwuliza kimya kina namna ngapi. "Cha kula. Kuna siku nililala kwako. Tulikula, hukusema kitu. Nikawa nasikia unavyotafuna."

"Na ulipokuwa unasikia ninavyotafuna, ulifikiri nini?"

"Nilifikiri umenikasirikia."

Mpwa wangu akashusha mikono.

"Usivue," mtoto akasema. "Bado hatujamaliza."

"Sikukasirika. Nilikuwa natafuta la kukwambia. Chakula kikaisha sijalipata."

"Ulilipata lini?"

"Kesho yake. Nikiwa juu ya ngazi, nimeshika kioo."

"Lilikuwa nini?"

"Lilikuwa dogo. Kwamba unakula kwanza pembe za mkate, ndipo katikati. Mama yako alikuwa anakula hivyo." Nikadhani yameisha. "Na hayo meno ni yake. Hili nalo ninalo tangu bibi yako aliponiuliza. Mimi mama yako nilimpenda kwanza meno."

Mtoto akapitisha ulimi kwenye meno yake, pole pole, kama anayahesabu.

"Sasa nitajuaje," akauliza, "kama umekasirika au unatafuta?"

Hilo lilimshika. Akatazama sakafu, na mimi nikaiogopa ile sakafu. Kisha mkono wake ukaenda kwenye ubao wa kiti na kidole kikagonga mara moja. Ti.

"Kazini kwetu," alisema, "kioo kikiwa mikononi hatuongei. Tunagonga. Moja ni nisubiri. Mbili ni twende."

"Basi ukiwa unatafuta gonga moja, mimi nitakusubiri. Ukilipata gonga mbili."

"Sawa," akasema mpwa wangu, na hiyo ilikuwa sawa yenye nyama.

Bibi akatoka jikoni. Mikono yake ilikuwa mikavu. "Magoti mabovu, lakini masikio mazima," alisema, akakaa, akajifuta uso kwa upindo wa kitenge. "Wewe binti, kafungashe nguo za wiki moja. Mimi bado nipo. Jumapili mkirudi nitauliza mmeishije, na nitamwuliza huyu mdogo, mkwe wangu, si wewe."

"Sawa, mama." Kisha mkono ukagonga kiti, na sote tukangoja. "Na hiyo ngazi ya nje, mama, nitakuja kuiwekea mkono wa kushikilia. Wa kushukia."

"Siku zilizobaki hizi?"

"Hata ikibaki siku moja, utashuka."

Jumapili iliyofuata mtoto alirudi akasimulia mpaka bibi akaomba apumzishwe. Shule zilipofungwa bibi aliondoka peke yake, na wa kumshusha ile ngazi alikuwa mkwewe, ingawa mkono wa kushikilia ulikuwepo. Siku hizi hupiga simu jioni kusikia mjukuu, na hufika wakati anamwambia mjukuu nipe baba yako.

Mpwa wangu bado anakwenda kwenye miwani mara moja moja, na yule mama asiye na watoto bado anapelekewa salamu zangu. Mimi nakula kwao Ijumaa. Binti ameniambia wazi, "Babu, wewe hugongi kabisa," na nimejitahidi kupunguza.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tumeanza tu kula nikasikia mezani, ti. Mtoto akashikilia kijiko hewani akanikata jicho. Nikaacha habari yangu katikati, na ilikuwa nzuri. Mchuzi ukaanza kuweka utando. Ti ti.

"Muuza magodoro alipita dukani," mpwa wangu alisema. "Wamepatana na kaka yake."

"Nani alianza kumsemesha mwenzake?" mtoto akauliza.

Baba yake akafikiri, akagonga moja. Tukasubiri.